Kila Mtu Alisema "Niachie Mimi"

Ibra, Sharqiya Kaskazini,
Oman.
5 Desemba 2024

Mpendwa Kaka Talib,

Shikamoo. Assalaam alaykum wewe na wote waliomo nyumbani. Sisi huku ni wazima, alhamdulillahi, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo likihisi baridi kidogo tu huanza kudai haki zake. Baridi imeingia kweli. Asubuhi tunatoka na shali na adhuhuri tunaivua. Vipi hali yako? Na presha ya Mabruka imeteremka? Mwambie dawa zile ni za kila siku, si za siku anayojisikia vibaya. Mimi ni mfamasia na mji mzima wa Ibra unanisikiliza, wifi yangu tu ndiye hanisikilizi.

Utashangaa kupata barua wakati simu zimejaa mikononi mwetu. Anakuletea Abdullatif, jirani yangu, anayekuja Unguja kwenye harusi. Nimeona niandike kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Sijamaliza kuvuta pumzi umeshanijibu. Na nikikutumia sauti, najua unaisikiliza dukani mbele ya wateja. Hii isome peke yako, na uisome mpaka mwisho ndipo ukasirike.

Umenitaka nikupe jina la mtu aliyemponza mwanao Mutasim mpaka akafungiwa kucheza. Nimelitafuta jina hilo kwa dhati, maana mimi ndiye niliyeandikwa chuoni kuwa mlezi wake hapa, na aibu yake ni yangu. Nitakueleza nilivyolitafuta na nilichokipata.

Nianze na Sur. Nilikwenda na binti yangu Mazoon kumtazama Mutasim akikichezea chuo chake cha Nizwa mpira wa wavu. Ilikuwa mechi ya mwisho ya mashindano ya vyuo na sisi tulijawa na fahari isiyo kiasi. Tulikaanga sambusa na katlesi za kulisha timu nzima, tukasimama Al Kamil kunywa chai ya karak, tukafika uwanjani mapema tukakaa mbele kabisa. Timu zikaingia. Mutasim akaingia wa mwisho, amevaa dishdasha badala ya jezi, akakaa pembeni hatutazami. Baada ya muda timu yake yote ikatoka nje na mechi haikuchezwa.

Kumbe yalipokaguliwa majina ya wachezaji, Mutasim alionekana anasoma masomo machache kuliko yanayotakiwa. Kanuni ni nyepesi: anayekiwakilisha chuo lazima awe na masomo yake kamili ya muhula. Yeye alikuwa amepungukiwa na somo moja, na si kwa siku mbili tatu, ni karibu tangu muhula uanze. Kwa hiyo kila mechi aliyocheza ikahesabiwa kuwa wameshindwa, na chuo kikatolewa. Wenzake hawakuwa na kosa lolote. Nahodha wao, Muadh, yuko mwaka wa mwisho na hatapata mashindano mengine. Nilimwona mlangoni ameushika mpira hajui auweke wapi. Sambusa tulirudi nazo Ibra.

Somo lenyewe ni Takwimu. Lilikuwa likifundishwa saa ile ile ya mazoezi. Kocha Bader, mtu wa Sur ambaye naye aliwahi kuwa mchezaji mzuri, alimwambia aliache atalisoma muhula mwengine, na mambo ya ofisini amwachie yeye. Mutasim akalifuta kwenye simu yake kabla ya kufunga kamba za viatu. Kocha alidhani kama kuna ubaya ofisi ya usajili itazuia. Ofisi ya usajili inasema kazi yake ni kuandika alichochagua mwanafunzi, haijui nani anacheza mpira na nani anacheza karata. Mshauri wake wa masomo, Ustadha Fatin, anasema alidhani ofisi ya michezo imeshatoa ruhusa. Na ofisi ya michezo iliyapokea majina kutoka kwa kocha ikayapeleka mbele. Ukimsikiliza mmoja mmoja, kila mmoja ana sababu inayoingia akilini. Ukiwaweka pamoja, unaona mtoto amepita katikati yao wote.

Na sisi jamaa zake je? Hapa ndipo roho inaponiuma. Mutasim aliwahi kututajia. Tulikuwa Mudhaibi kwa mkubwa wetu, Kaka Saud, chakula cha mchana cha Ijumaa, sote tumelizunguka sinia. Akasema ameacha somo moja, akauliza kama lina madhara kwa mchezaji. Kabla mtu hajajibu, Kaka Saud akasema, "Khalas, niachieni mimi. Pale namjua mtu."

Unajua nyumba yetu ilivyo. Kaka Saud akishasema niachieni mimi, jambo linaondoshwa pamoja na sahani. Tangu enzi za marehemu Baba, mkubwa haulizwi mara mbili. Kumuuliza ni kama kumwambia amesahau au hana uwezo. Ndivyo tulivyolelewa, ndivyo nilivyomlea Mazoon, na Mutasim alipotufikia kutoka kwako alikuwa na adabu hiyo hiyo kamili. Siidharau. Imetuokoa na ugomvi mwingi.

Lakini baada ya Sur nilifanya jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani. Niliendesha gari mpaka Mudhaibi, nikakaa na Kaka Saud, nikanywa gahawa, na nilipokwisha kutikisa finjani kuonyesha nimetosheka, nikamuuliza.

"Kaka, yule mtu wa chuoni ulimpata?"

Alinitazama kana kwamba nimempandia busati na viatu. "Nlimpigia siku ile ile. Kanambia, inshaallah kheri."

"Halafu?"

"Halafu nini? Mtu mzima kanambia inshaallah kheri, mie nimrudie nimwambie nini tena? Ataona simuamini."

Bi Nunu, mkewe, alikuwa anapita na birika. Akasema bila kusimama, "Si alishastaafu yule? Mkewe alinambia tangu mwaka jana."

Kaka Saud akajimiminia gahawa nyengine. Kumbe rafiki yake hakutaka kumwambia kuwa hana tena mlango wa kugonga pale chuoni, akampa maneno mazuri ili asimvunje moyo. Ungekuwepo ungecheka, Kaka, lakini mimi sikuweza. Mutasim hakumrudia kocha kwa heshima, sisi hatukumrudia Kaka Saud kwa heshima, na Kaka Saud hakumrudia rafiki yake kwa heshima. Heshima ilikuwa tele, na mtoto hakuwa na mtu. Nilirudi Ibra nimeifunga redio njia nzima.

Kazini kwangu kuuliza ndio kazi. Unatumia dawa gani nyengine, umekula, una mimba, mara ya mwisho ulimeza lini. Mtu akinijibu kuwa daktari anajua, namwambia hata daktari huulizwa. Nikishavua koti jeupe nikaingia katika jamaa zangu, ulimi wangu unakwenda likizo.

Ukinitaka maoni yangu, chuo kina sehemu kubwa zaidi. Wao ndio wenye kanuni, wao ndio wenye ofisi, na kikombe kikija kinawekwa kwenye kabati lao. Kijana wa miaka kumi na tisa haachiwi kanuni peke yake huku watu wazima wanampangia saa za kulala na saa za kuruka. Hilo nimewaambia uso kwa uso, na sauti yangu unaijua. Lakini jukumu nimeona si kama gunia, kwamba ukimtwika mmoja wengine mikono yao iko huru.

Sasa nifike pale panapokuhusu wewe. Ulimwambia Mutasim akiitwa na kamati ya chuo ajibu neno moja tu, kwamba kocha ndiye aliyemwamrisha. Neno hilo ni kweli. Kamati ilikuwa karibu kumwachisha kazi Kocha Bader, na Mutasim angerudi uwanjani muhula ujao bila ya adhabu. Sote tulilijua hilo, na kocha mwenyewe alilijua.

Jumapili ya kamati nilimpeleka Nizwa mwenyewe. Tulisimama Samail kutia petroli, na hapo ndipo aliponambia. Wiki moja baada ya kuliacha lile somo, Ustadha Fatin alikutana naye kwenye ujia wa madarasa, akamwambia, wewe ni mchezaji, masomo yako sasa yamepungua, fuatilia. Hakumwandikia, alimwambia tu kwa mdomo. Mutasim akaitikia ndiyo, ustadha, akaenda mazoezini. Hakumwambia kocha wala mtu mwengine.

Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Kocha keshasema nimwachie yeye, nikimrudia ataona namtilia shaka." Kisha akaongeza, "Na pia, shangazi, nilitaka kucheza."

Nikamuuliza kama atalisema. Akanambia wewe, baba yake, umemkataza kusema asiloulizwa. Kaka, sikumwambia aseme na sikumwambia anyamaze. Nilimtazama alivyokuwa mrefu, magoti yanagusa mbele ya gari, nikaona hili nisimwambie niachie mimi. Nikalipa petroli tukaondoka.

Kwenye kamati nilipewa kiti nyuma. Kocha Bader aliulizwa kwanza, akasema yeye ndiye aliyemwambia mchezaji aliache somo na kosa ni lake, hakumtaja mwengine. Ustadha Fatin akaulizwa kama aliidhinisha, akasema hapana, akaishia hapo. Yale ya ujiani hakuyagusa. Mutasim akaulizwa kama kocha alimwamrisha. Akasema ndiyo. Mwenyekiti alikuwa ameshaanza kukusanya karatasi zake.

Mutasim akasema, kwa Kiarabu chake kile chenye lafudhi ya Unguja, kwamba kuna jengine hakuulizwa. Akalieleza lote, la Ustadha Fatin, la kumficha kocha, mpaka lile la kuwa alitaka kucheza. Mikono yake alikuwa ameificha chini ya meza, mimi nikiiona kutoka nyuma. Alipomaliza, Ustadha Fatin akasema ni kweli, na kwamba yeye naye hakurudi kumuuliza. Nilimwonea fahari mwanao, Kaka, na nililia, na mlezi wa mchezaji mwengine akanipa kitambaa.

Kocha amepewa onyo na atabaki kazini. Chuo kimesema kitamteua mtu mmoja, mwenye jina, wa kufuatilia masomo ya wachezaji, tutaona. Mutasim amefungiwa mpaka mwisho wa mwaka ujao wa masomo. Muadh mpaka leo haitikii salamu yake. Mutasim anaendelea kumtolea, na mimi sijui kama itafika siku akaitikiwa. Hayo ndiyo aliyoyalipa, na najua moyo wako ulikuwa umemtayarishia mengine.

Kabla sijasahau, Abdullatif anakuletea pia kofia niliyoichagua kwenye soko la wanawake la Jumatano, pamoja na tende na halua. Halua ni ya Mabruka na Alyaa. Wewe sukari uliyonayo inakutosha.

Nisalimie sana Mabruka, Alyaa na mumewe Yazeed, na wote wanaonikumbuka. Mazoon anakuamkia. Bi Nunu anakusalimia, na Kaka Saud pia, ingawa tangu siku ile ananikunjia uso. Ila juzi alipiga simu kuuliza Mutasim anaendeleaje, na jana akapiga tena kuuliza hilo hilo. Mwenyezi Mungu awape afya na subira, na atukutanishe sote kwenye sinia moja tungali na meno.

Limebaki moja. Kila Ijumaa unapompigia Mutasim, akiwa kwangu kwa mapumziko ya wiki, mimi huwa nipo ukumbini nasikia. Unamuuliza kama wameshinda. Akisema wameshinda unacheka mpaka na yeye anacheka, halafu mnaagana. Nilimuuliza kwa nini hakukwambia wewe kuwa ameacha somo. Akasema hukumuuliza, na yeye hakutaka uulize. Sasa mechi hazipo, na kila Alhamisi ikifika namwona anaiogopa simu yako. Mpigie. Usimuulize nani aliyemponza, hilo ameshalijibu mbele ya watu. Muulize Takwimu ni somo la nini, maana muhula ujao atalisoma. Atakueleza vibaya, kwa kuwa bado halijui. Usipoelewa, muulize tena.

Mdogo wako akupendaye,

Khole