Cherehani Iliyonyamaza

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Sisi wazima, ila paka wa mama bado anadhani vitambaa vya wateja ni kitanda chake.

Ile riwaya ya Kiingereza uliyonitumia imeniweza! Ni ya zamani mno, na wanawake wake wanakunywa chai na kupiga soga tu, lakini mwandishi anaijua mioyo yao kama mama anavyojua kipimo cha mteja kabla hajavuka kizingiti. Namsomea mama kwa Kiswahili huku akishona. Jana tulifika pale msichana anapoposwa na tajiri. Ukoo mzima unashangilia, naye anatabasamu huku moyo ukimuungua.

Cherehani ikanyamaza.

"Hebu rudia hapo," mama akasema. Nikarudia.

"Kumbe mambo haya yanaandikwa!" Akalitazama gauni langu la harusi lililokuwa mapajani mwake. "Na wewe, mwanangu, huyu bwana unampenda?"

Shangazi, tangu posa ije, hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamwambia ukweli.

Gauni limeshafumuliwa. Mama anasema litatoa mapazia mazuri, na anauliza kama unacho kitabu kingine.

Binti wa kaka yako,
asiye bibi harusi