Watalii wa Kianjokoma

Kwa Mama, Muthara,

Umeshindaje, na yule ng'ombe ameacha kukupiga teke? Leo Jumapili sisi vibarua wa msimu wa majani chai tuliamua kupanda mlima, tupumzike kama watalii. Kagendo, ninayeishi naye huku, alivaa miwani ya jua ndani ya ukungu. Tulitetemeka, tukapiga picha, tukasifu hewa.

Tukishuka tukakuta mti mkavu umeanguka. Nani angeuacha? Tulifika kwenye geti la msitu kila mmoja na mzigo wa kuni mgongoni.

"Sasa watalii ni wepi hapa?" askari akauliza. Kagendo akamwonyesha picha.

"Sawa, watalii. Pelekeni hizo jikoni kwangu."

Tukazipeleka, tukampasulia, tukampangia.

Ubaki na baraka, Mama. Kesho narudi kuchuma, angalau nipumzike.

Wako, Makena