Maganda ya Njugu Kutoka Suna

Thika, Agosti 1996

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu za mwanao Atieno, aliye mzima ila pua imejaa harufu ya rangi. Mguu wako unaendeleaje? Na mvua imewaonea huruma huko Suna, au bado mnatazama mawingu tu?

Gunia lilifika. Ee mama! Niliomba maganda matupu, yale mnayochoma baada ya kubangua njugu, wewe ukanitumia njugu nzima. Ningejua tu. Mkono mtupu haulambwi, na wewe huwezi kumtumia mtoto takataka watu wa stendi wakiona. Sisi wa idara ya rangi hapa kiwanda cha vitambaa tulikaa uani tukabangua na kutafuna, na kwa kitambo nikasahau niko wapi. Nilisikia kabisa upepo wa ziwa usoni.

Sasa nikueleze sababu. Maji tunayotilia vitambaa rangi humwagwa mtoni. Siku nyingine mto hupita mwekundu, siku nyingine buluu, nami husimama darajani nikiutazama kama mtu anayeota. Lakini Mama Njeri, mwenye nyumba ninayopanga, humwagilia sukuma wiki yake maji hayo hayo. Mwezi huu ulipoanza akaniambia, "Atieno, nyinyi ndio mnaharibu maji yetu. Hii mwezi ikiisha, utafute nyumba ingine." Iliniuma sana. Usione wivu, lakini huku yeye ndiye mama niliye naye.

Mkemia wetu alikuwa amesema maganda ya njugu hushika rangi. Tukayaosha, tukayaanika, tukayasaga, tukayajaza kwenye pipa lenye tundu chini, kisha tukamimina maji mekundu juu. Mara ya kwanza yalitoka kahawia. Kumbe maganda nayo yana rangi yake. Tukayachemsha, tukarudia. Mama, maji yalitoka tone kwa tone, maangavu, nami nikayatazama hadi wenzangu wakanicheka.

Wiki iliyopita nilimpelekea Mama Njeri chupa moja ya maji hayo. Akayanusa, akayainua juani, akaumwagia mche mmoja wa pembeni, uliokuwa umenyauka.

"Hii mche ikiishi," akasema, "na wewe utakaa."

Nisalimie Dani, nyanya yangu, kule Sindo, umwambie mjukuu wake bado anakula samaki akipata. Msalimie pia kaka Omondi, na shangazi anayeuza vile visamaki vya omena huko Mbita.

Kabla ya kufunga bahasha nimetoka kuuchungulia ule mche. Umetoa jani.

Mwanao akupendaye,
Atieno