Matonge ya Austria na Sukari ya Bibi

Mpendwa Bi Saleha, naomba unisaidie kabla nyumba hii haijanishinda. Mimi ni Mkenya, nafanya kazi za nyumbani kwa familia moja hapa Al-Safa, Jeddah, na Julai walinipeleka Austria, nikadhani nitaonja vya huko, kumbe masanduku mawili yamejaa mchele na bizari, nikapika kabsa, ule wali wao wa nyama, kila siku kama sijatoka Jeddah, kwa sababu bibi, mama yake bosi, anasema chakula cha Wazungu si chakula. Basi nikitumwa mkate nilikuwa napitia mkahawa mmoja nakula matonge ya viazi yenye plamu ndani, yameviringishwa kwenye chenga za mkate zilizokaangwa na siagi, sukari juu, Bi Saleha, karibu nilie, na siku ya tatu nikamkuta bibi mwenyewe kwa kona ya ndani na sahani yake, midomo myeupe kwa sukari. Akaniambia, "Yalla, keti, na usiseme."

Tangu turudi ananitaka nimpikie kila Jumanne madam, mke wa bosi, akienda kwa dada yake, tunakula wawili jikoni tukicheka, na ameahidi kumwambia bosi anipe likizo Desemba nikaone watoto wangu. Shida ni kwamba bibi ana kisukari, kipimo kimepanda, mguu una kidonda kisichopona, na madam analaumu tende, ameziondoa zote, hata bosi anakunywa kahawa kavu. Nikisema, likizo halas, imekwisha. Nifanye nini?

Z., Al-Safa

Mwanangu Z.,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilicheka hadi mume wangu akaja kuuliza kulikoni. Ya pili, nilipofika kwenye kidonda, sikucheka tena.

Pole. Kwenda hadi Austria kupika kabsa ni uonevu, na matonge yale ya kuibia sikulaumu, ningekuwapo ningeongeza sahani. Lakini hebu tuambiane kweli. Unasema bibi "anakutaka" umpikie. Mkono unaonyunyiza sukari ni wa nani? Umemwona anachechemea, na Jumanne ukamenya viazi vilevile. Aibu, mwanangu.

Usianzie kwa madam, utamvunjia bibi heshima mbele ya mkaza mwanawe. Mwendee bibi peke yake asubuhi, mshike mkono, umwambie: "Bibi, matonge mafi, yamekwisha. Leo mwambie mwanao, na mimi nitasimama hapo niseme niliyapika. Usiposema, kesho nasema peke yangu." Na ukisema kesho, iwe kesho. Likizo kaiombe kwa bosi kwa mdomo wako, ni haki yako ya kazi, haikupasa kupitia tumboni kwa mgonjwa.

Bibi atakununia. Atakataa hata chai yako. Mwache anune, mradi anune huku anatembea kwa miguu yake miwili.

Bi Saleha