Ruta ya Antena Mbili

Kaka mpendwa,

Sisi wazima. Mama anakusalimu, ila miguu bado inavimba.

Usinikasirikie: ile ruta kubwa uliyonishauri sikuinunua. Nilikuficha kwamba bosi alinionya mimi karani wake. Mtandao wangu ukikatika tena nikiwa kikaoni kutoka nyumbani, nirudi kufanyia kazi ofisini, na Mama angeshinda peke yake.

Nilifika dukani nikiogopa kukosea. Muuzaji akaisifia hiyohiyo yako ya antena nane. "Hii, dada, mpaka jirani atakushukuru."

Nikamuuliza kama inaendana na modemu tuliyofungiwa na kampuni ya mtandao. Akajikuna kichwa. "Hapo sasa, hapana."

Nikachukua ndogo ya antena mbili, inayoendana. Mama akataka kuifungia kwenye kabati la vyombo vya wageni, juu yake kitambaa. Nilimkatalia, Kaka, mimi huyu. Nikaifunga koridoni.

Leo kikao kilichukua saa mbili nzima. Bosi mwenyewe ndiye aliyekatika, mara tatu. Mwishowe akanipigia simu: "Karani, mtandao wako umetulia. Kikao kiendeshe wewe."

Nikakiendesha mpaka mwisho, na Mama amekaa mlangoni akinisikiliza.

Ni mimi mdogo wako, mwoga wa jana.