Raketi Niliyoifunga kwa Leso

Mpendwa Lotte, mwana nisiyekuzaa,

Jana mchana nilikuwa nakatakata vitunguu hapa Muraqqabat, Dubai, kwenye jiko tunalopikia wanawake sita kwa zamu, nikakuona kwenye simu. Uko kwenu Ujerumani, umekaa mbele ya maikrofoni, unasema unampeleka baba yako mahakamani kwa vipigo alivyokupiga ulipokuwa unacheza tenisi huku. Nikasema alhamdulillahi, mtoto amesema. Kisha wakamwonyesha yeye, kanyoa ndevu, anatabasamu. "Muulizeni aliyeona," akasema. "Hakuna." Wallahi nilikitupa kile kisu kwenye sinki mpaka sahani ikavunjika, na sahani yenyewe si yangu.

Hakuna aliyeona! Na mimi nilikuwa nini mle chumbani, pazia?

Nakuandikia kwa Kiswahili, utafute mtu wa kukusomea. Kiingereza changu ni cha "yes sir" na "sorry madam", hakinitoshi kwa haya.

Ulikuja klabuni na miaka yako kumi na nne, miguu mirefu, viganja vina malengelenge. Ukaingia chumba changu nyuma ya uwanja kutafuta baridi ya AC, ukakuta mwanamke wa Likoni na buibui lake anawamba nyuzi za raketi. Ukaniuliza kazi hii nimejifunzia wapi. Nikakwambia mamangu alikuwa akiwamba vitanda vya kamba nami nikimvutia upande wa pili, na raketi ni kitanda kidogo tu. Ulicheka hadi ukakohoa. Tangu siku hiyo ukawa unakuja kula mahamri yangu kwa kujificha, maana baba yako alikuwa akikupimia hata maji. Nami nikakufundisha neno moja, kaza. Kila ukipiga mpira ukatua ndani ya mstari nakusikia huko nje, "Kaza!" Wasichana wenzako walidhani ni Kijerumani.

Lakini nisiipambe hadithi. Baba yako ndiye aliyekuwa kocha wako, na ndiye arbab wetu, tajiri mwenye visa zetu sote pale, tulimwita Sir. Ukikosea, anakusimamisha kwenye uzio wa nyuma, mikono chini, anarudi mstarini na kukupigia mipira mwilini kwa nguvu zake zote. Mpira mmoja kwa kila kosa. Wa paja, wa tumbo, wa bega. Mpira wa tenisi ukimpata mtu hivyo hulia kama kofi. Wewe unang'ata mdomo, hutetereki. Mlinzi wa getini alikuwa akigeukia barabarani, na mimi nikiwasha redio. Ndiyo, redio. Leo nikikumbuka najitemea mate.

Ulipoanza tenisi ya kulipwa, una miaka kumi na saba, ulikuwa mkali kumshinda yeye. Mechi ya kwanza ulimfyeka mwanamke mzima kabla chai yangu haijapoa. Ya pili ukashindwa, ukavunja raketi tatu kwenye saruji, moja baada ya nyingine, kipande kikakuchana shavu. Ukaniletea vile vipande damu inachuruzika. "Anti, niwambie raketi nyingine." Nilikuogopa siku hiyo, mwanangu. Niliuona mkono wa baba yako ndani ya mkono wako. Na mkono wenyewe ulikuwa mgonjwa, kifundo kimevimba hata kushika kikombe huwezi.

"Mwambie babako," nikakwambia.

"Nimemwambia. Anasema maumivu ni ya wavivu."

Sasa nisikilize, hili hujawahi kulisikia kinywani mwangu. Sir alitaka nyuzi zako zikazwe kilo ishirini na sita, zisipungue. Nyuzi ngumu namna hiyo, kila mpira unagonga mfupa. Kwetu kitanda kikikazwa kupita kiasi kinamvunja mlalaji mgongo, na dawa yake ni kukilegeza. Basi kabla ya mechi yako ya mwisho hapo hapo klabuni, niliwamba raketi zako zote kwa kilo ishirini na mbili, nikabandika kikaratasi shingoni mwa kila raketi kama kawaida: 26. Nilijiona mama mwenye akili! Nilijua raketi iliyolegea hurusha mpira mbali, ila nikajiambia utazoea. Hukuzoea. Mipira ikaanza kutoka nje, huo, na huo, na huo. Nikiwa dirishani nilikuona ukizigonga nyuzi kwa kiganja, ukazisikiliza, kisha ukaangalia dirisha langu. Ukashindwa.

Sir alikuburuta kwa nywele hadi chumbani kwangu, akafunga mlango. Akazibonyeza nyuzi kwa kidole gumba. "Nani?" akauliza, akinitazama mimi. Mdomo wangu ulifunguka, haki ya Mungu ulifunguka. Lakini karatasi za visa yangu zilikuwa mezani kwake, hazijatiwa saini. Wewe ukasema, "Mimi. Nilimwagiza mimi."

Akakupiga kwa ile raketi, kwa ukingo wake. Pigo la kwanza ulilikinga kwa mkono ule ule mbovu, nikausikia mfupa. La pili likatua begani. La tatu raketi ikavunjika, akaendelea na mpini. Ulianguka juu ya mashine yangu ya kuwambia, damu ikaenea juu yake. Nilikuwa na mkasi mkononi, Lotte, mkasi mkali wa kukatia nyuzi. Sikumchoma. Hata kelele sikupiga. Alipochoka akahema, akasema, "Khalas. Fagia hapa."

Nikafagia.

Mamako alikuja kutoka kwenu kukuchukua wiki ile ile, mkono uko kwenye plasta. Pale getini ulikuwa ukinitafuta kwa macho. Nilijificha chooni.

Miaka mitatu nimekufuata kwenye simu, vimashindano vidogo, viti vitupu, bandeji kifundoni. Juzi ukamwangusha msichana mmoja mwenye jina kubwa, ukainua ngumi: "Kaza!" Mwenzangu wa chumbani akaniuliza, "Ati huyu Mzungu kasema nini?" Nililia mpaka akanikimbilia na maji. Nakuonea fahari na najichukia, yote mawili kwa pamoja.

Ila sikufagia kila kitu. Ile raketi niliifunga kwa leso, iko chini ya kitanda changu hadi leo, damu yako imekauka kwenye mpini, uongo wangu umebandikwa shingoni. Leo asubuhi nimempelekea wakili wako picha zake, na jina langu lote, na nakala ya pasipoti. Na barua hii naitoa wazi, aisome anayetaka. Mwenzangu amejishika kichwa. "Mwanaisha, umerukwa? Bado wamfanyia kazi yule! Kesho watakupandisha ndege!" Wanipandishe. Likoni ni kwetu, si jehanamu.

Msamaha sikuombi kwa karatasi, nitauomba nikiwa nakutazama machoni. Lakini siku akisimama mbele ya hakimu akauliza tena, "Nani?", wewe nyamaza, mwanangu. Swali lile aliniuliza mimi.

Ni mimi,
Anti yako wa nyuzi