Sare ya Kimelea

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Kuku wa bibi ametotoa vifaranga tisa, nami nimekuwa wa pili darasani.

Baada ya kumzika mdogo wangu aliyekufa kwa malaria, baba alimrudisha mama kwao. "Ungempeleka kuchanjwa kweli, angekuwa hai," alimwambia. Alipelekwa mara zote, mjomba. Kadi ninayo.

Mwalimu wa sayansi alinieleza kwamba chanjo huufundisha mwili kukitambua kimelea kwa sare yake. Hukinga watoto wengi, lakini vimelea ni vya aina nyingi, na vingine huvaa sare ambayo mwili haukufundishwa. Nikamweleza bibi, mama yake baba. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Kimelea kimebadili sare? Basi na baba yako abadili mke!"

Zahanati ilituma tone la damu ya mtoto kwenye maabara yenu. Tafadhali angalia kimelea chake kilivaa sare gani, uandike kwenye karatasi yenye mhuri. Baba huamini mhuri.

Harusi yake ni Jumamosi. Nimeagizwa kupiga pasi suti yake, nami nitaipiga polepole sana.

Ni mimi mpwa wako, mtunza kadi.